Kaniambia "Pole Mama": Ameona Nini?

MUULIZE MAMA EKSIREI

Mwenye safu hii alipiga picha za eksirei kwa miaka 31 mkoani Tanga, akastaafu mwaka 2013. Miaka miwili baadaye alilala yeye mwenyewe juu ya kitanda cha mashine, safari hii kama mgonjwa wa saratani ya titi.

*

Shikamoo Mama Eksirei. Nina miaka 46, watoto wanne, naishi Korogwe. Mwezi wa pili nilianza kutokwa damu nje ya siku zangu. Nikapimwa, kinyama kikakatwa kikapelekwa maabara, majibu yakaja kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi. Nina rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, na nimeagizwa CT (eksirei ya vipande vipande) ya kifua na tumbo, kisha MRI (picha ya sumaku) ya nyonga. CT nimeshapiga, leo siku ya tisa. Nilipoteremka kitandani yule kijana wa mashine akaniangalia, akasema, "Pole sana mama." Nikamuuliza umeona nini, akasema majibu kwa daktari. Tangu siku hiyo silali. Ameona nini?

Halafu ile sindano ilinifanya nijione nimejikojolea mbele za watu. Jirani anasema dawa ile inaharibu figo, na mionzi inaitawanya kansa mwilini. MRI ni wiki ijayo, nasikia unaingizwa kwenye shimo kama kaburi. Nina kisukari, natumia metfomini. Mume wangu ni seremala, amesema nikikataa hatanilazimisha. Nisaidie.

Mke wa Fundi, Korogwe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeona? Na mimi nimekupa pole, na picha yako sijaitia machoni.

Nianze na huyo kijana, maana ndiye aliyeondoka na usingizi wako. Kitanda cha CT ni chembamba na kigumu. Mikono umeiinua juu ya kichwa mpaka mabega yanauma, mshipa umetobolewa, spika inakuamuru vuta pumzi, zuia, haya pumua. Mtu akishuka hapo asipewe pole apewe nini? Nimempa pole aliyevunjika paja, nimempa pole mtoto aliyemeza sarafu ya shilingi mia, nimempa pole kijana aliyekuja kupimwa kifua apate kazi ya jeshi na hana hata mafua. Hutoka mdomoni kabla sijamtazama mtu usoni.

Tena yeye pale hakuwa akisoma ugonjwa wako. CT moja ya kifua na tumbo ni mamia ya vipande, kama mkate uliokatwa slesi nyembamba. Alichokuwa anatazama ni kama ulitikisika, kama dawa ilifika kwenye mishipa kwa wakati, kama kipande cha ini hakikuachwa nje. Anayezisoma ni daktari bingwa wa radiolojia, akiwa amekaa na barua yako ya rufaa na majibu ya kile kinyama. Bila hivyo viwili hata yeye anabahatisha.

Lakini sitakuficha, uso wa mpiga picha unaweza kusema. Enzi zetu tulisafisha filamu wenyewe kwenye chumba cha giza, taa nyekundu, vidole vinanuka dawa, filamu zikianikwa kwenye kamba zichuruzike. Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi, kikohozi cha miezi mingi. Nilipoiinua filamu yake ikiwa bado mbichi, pafu zima la upande mmoja lilikuwa jeupe. Nikatoka. Alikuwa amesimama mlangoni kajitanda kanga, akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia daktari atakueleza. Maneno yalikuwa sahihi kabisa. Ila nilikuwa naangalia tundu la maji machafu sakafuni. Hakuniuliza tena. Akainama avae kandambili zake, ya kushoto akaitia mguu wa kulia, akaondoka nazo hivyohivyo.

Baada ya hapo nilijiwekea sharti: kila mtu maneno yaleyale, kwa uso uleule, macho kwa macho. "Pole, asante kwa kutulia, majibu kwa daktari." Wanafunzi walioletwa kwangu niliwafundisha hivyo. Ukikumbuka vizuri, kijana alikuangalia machoni. Kwa uzoefu wangu, anayekwepa macho ndiye wa kumshuku.

Kuhusu kusubiri, mwanangu, sina dawa. Mwaka 2017, miaka miwili baada ya kukatwa titi, nilipata kikohozi kisichoisha nikapigwa CT ya kifua. Nilisubiri siku kumi na moja, mimi niliyewaambia watu "subirini" kwa miaka 31. Karatasi ikaja na mstari mmoja uliokausha mate: pafu la kulia juu, kinundu cha milimita 8, asili yake haijulikani, kilinganishwe na picha za zamani kama zipo.

Nikaenda hospitali iliyonipiga picha kabla ya upasuaji, sitaitaja, nikaomba CD yangu ya 2015. Walifungua makabati mawili. Walichonipa, nilipofika nayo nyumbani, ilikuwa ya mwanamume mwenye jiwe la figo.

Usiku nikakumbuka kabati la nguo. Nyuma ya kabati langu, kama nyumba nyingi za hapa kwetu, kuna bahasha za kaki zimeegeshwa ukutani: miguu ya watoto waliovunjika, kifua cha marehemu mume wangu, na kifua changu cha mwaka 1999. Mwaka uliotangulia niliugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi 8, na mwisho wa dawa mwenzangu kazini akanipiga eksirei ya kuhakikisha. Nikaivuta filamu ile, nayo haina kona! Mjukuu wangu aliikata Septemba 1, 2016, siku ya kupatwa kwa jua. Watu wa Rujewa kule Mbarali waliliona jua limekuwa pete, sisi Tanga tuliliona limemegwa tu, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wanachungulia kwa vipande vya filamu. (Msifanye hivyo. Filamu ya eksirei hailindi jicho.) Ashukuriwe Mungu, alikata kona ya chini, kwenye ini. Mapafu aliyaacha.

Nikasubiri asubuhi, nikaishika dirishani. Kilikuwepo, upande wa kulia juu, kama punje ya mtama. Nikapanda basi nayo hadi Dar es Salaam. Daktari bingwa akaondoa mafaili juu ya lile sanduku la taa lisilotumika tena, akaitundika, akapima kwa rula, akarudi kwenye kompyuta, akapima tena. Akasema, "Mama, hili ni kovu la TB yako. Limekaa humo miaka 18."

Kwa hiyo kabla ya MRI, mtume mmoja wa wanao akatafute nyuma ya kabati na chini ya godoro. Eksirei, karatasi ya altrasaundi ya mimba ya mwisho, chochote. Na CT uliyopiga majuzi, dai nakala yako, jina lako na tarehe visomeke juu, uifungue palepale kwenye kompyuta yao kabla hujatoka mlangoni.

Sasa ile haja ndogo. Hukukojoa, mwanangu, na kama ungejishika ungekuta pakavu. Ile ni dawa yenye madini joto (iodini), sisi tunaiita kontrasti, inayofanya mishipa na viungo ving'ae kwenye picha. Ikiingia kwa kasi mishipa inatanuka: joto linaanza kooni, unasikia ladha ya sarafu ulimini, kisha joto linashuka mpaka sehemu za siri. Halimalizi dakika moja mbili. Mimi najua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaani kwangu, na bado nilipochomwa nilipeleka mkono chini kuhakikisha. Aliyekuchoma alipaswa kukuambia kabla. Wengi husahau kwa sababu wao wameshazoea.

Jirani yako kuhusu figo hajasema uongo wote. Mwenye figo zilizochoka anaweza kuongezewa taabu na dawa hiyo, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu kwanza, kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja. Wewe mwenye kisukari muulize daktari namba yako ni ngapi. Metfomini usiiache kwa akili yako. Figo zikiwa nzima, mara nyingi mgonjwa huendelea nayo. Zikiwa dhaifu, daktari huisimamisha siku ya kipimo na saa 48 zinazofuata, halafu damu ikapimwa upya. Kama ulikaa kimya juu ya kisukari chako siku ile, kaseme sasa. Na aliyewahi kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya sindano hiyo, aseme kabla ya kulala kitandani.

Kuhusu mionzi kutawanya kansa, hapo jirani amekosea. Eksirei hupita mwilini ikaisha, kama mwanga wa tochi: ukiizima hakuna kinachobaki ukutani. CT ya tumbo hukupa kiasi cha milisiveti (kipimo cha mionzi) 8 hadi 10. Binadamu wa kawaida, asiyekanyaga hospitali, hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa hiyo ni kama miaka minne ya kuishi tu. Si kitu cha kuchezea, mtoto mwenye mafua hapigwi CT. Ila wewe ukipangiwa mionzi ya tiba Ocean Road, hiyo ni maelfu ya mara zaidi ya ile ya picha, imeelekezwa mahali pamoja, na haiwezi kuelekezwa kama picha hazionyeshi pa kupiga. Tangu mwanamke wa kwanza alazwe kwenye mashine ya CT kule London, Oktoba 1971, akitafutwa uvimbe wa ubongo, kazi yake imekuwa hiyohiyo: kumwonyesha daktari mahali kabla hajapeleka mkono.

MRI haina mionzi hata chembe. Ni sumaku. Nayo ndiyo itakayoonyesha ugonjwa umeishia mlangoni mwa kizazi au umetoka pembeni, na hapo ndipo penye uamuzi wa upasuaji au mionzi. CT uliyopiga ilikuwa kama ngata unayoweka kichwani kubebea ndoo, unapita katikati unatoka. MRI ni ndefu zaidi, kama pipa lililo wazi pande zote mbili, taa inawaka ndani na upepo unapuliza. Kaburi halina kengele. Wewe utashikishwa kipira mkononi, ukikiminya wanasimamisha na kukutoa. Mimi nilikiminya mara ya kwanza dakika ya tatu. Hakuna aliyenicheka. Nikapumzika, nikarudi na kitambaa machoni, nikaweza. Kelele ni za kweli, mafundi bati watatu wanagonga paa moja, ndiyo maana unawekewa vizibo masikioni. Dakika 30 mpaka 45 hivi. Ukijua zitagonga, zikinyamaza, zigonge tena kwa mdundo mwingine, hutashtuka.

Sumaku yenyewe, zile nyingi za tesla 1.5, ina nguvu kama mara 30,000 ya ile ya dunia inayozungusha dira, na haizimwi usiku wala mchana. Ndiyo maana watakuuliza maswali yanayochosha. Jibu yote. Toa pini za mtandio, zile ndogo za kidevuni ndizo zinazosahaulika, na vibanio vya nywele, na sidiria yenye waya. Ukiwa na kitanzi cha uzazi sema, kwa kawaida hakizuii kipimo, ila wajue. Na ukiwa na hirizi yenye kibati kiunoni, mwambie yule dada wa mapokezi faraghani. Tumeziona nyingi, hatuulizi ilitoka kwa nani.

Jambo moja nikuwahi nalo, lisije likakunyima usingizi mwingine. Ukifika Ocean Road ukapangiwa mionzi, kabla ya kuianza utapigwa CT tena. Hiyo haitafuti ugonjwa mpya. Ni ya kupangia matibabu: kitanda bapa, unachorwa alama ndogo ngozini, na pengine utaambiwa ujaze kibofu. Wagonjwa wengi hudhani wameitwa tena kwa sababu kuna baya limeonekana. Alama zile usizisugue kwa dodoki.

Na karatasi ya majibu usimpe mwanao aitafsiri kwa simu. Ya kwangu ilisema ini ni "unremarkable", mjukuu akasoma kwamba bibi ana ini "lisilo la ajabu", tukakaa usiku kucha tukijiuliza ini la ajabu likoje. Maana yake lilikuwa zima.

Mume wako mwambie nimemsikia. Hakulazimishi, vizuri. Basi akusindikize, akae kwenye benchi nje ya mlango wa MRI, na kabla ya hapo aache funguo na ile rula yake ya chuma kwa mlinzi.

*

Salaam aleikum. Baba yangu ana miaka 67, ana limfoma (saratani ya tezi za limfu), amemaliza mizunguko sita ya dawa. CT inaonyesha bado kuna tezi imevimba tumboni. Daktari anataka PET, Nairobi. Baba ameambiwa asile kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo, siku ya kuamkia asifanye kazi nzito, na siku yenyewe atawekwa chumbani saa nzima peke yake, asiongee. Anasema hiyo si hospitali, ni jela. Nimweleze vipi?

Kijana wa Kisauni, Mombasa

*

Waaleikum salaam. Mwambie baba ni mtego, na chambo chake ni sukari.

CT imeona kuna kitu, imekipima urefu na upana. Haiwezi kusema kama kinaishi. Baada ya matibabu ya limfoma mara nyingi tezi hubaki kama gofu, kuta zimesimama na ndani hamna mtu. PET inauliza swali jingine: je, kinakula? Anachomwa sukari iliyofungwa na florini yenye mionzi, halafu mashine inatafuta sukari ile imekimbilia wapi. Seli za saratani zilizo hai huifakamia.

Tatizo ni kwamba hata misuli inakula sukari. Akibeba mizigo siku ya kuamkia, mapaja yatawaka kwenye picha. Akitafuna mirungi ndani ya basi la usiku, taya zitawaka. Akiongea na simu akiwa mle chumbani, koo litawaka, na daktari atabaki anajiuliza. Ile saa moja ni ya kuiacha sukari itulie mahali pake. Baridi nayo ina vituko: mwili ukitetemeka kuna mafuta ya shingoni na mabegani yanayowaka kujipasha moto. Kwa hiyo mzee wa Pwani asipande Nairobi mwezi wa saba na shati jepesi. Sweta, soksi, blanketi la basi.

Asubuhi hiyo mahamri na mbaazi asahau, chai hata ya bure asinywe, maji matupu tu. Kama ana kisukari mseme mapema, maana watampima kidoleni kwanza, na sukari ikizidi 11 kwa kawaida wanaahirisha. Na msichelewe. Nguvu ya dawa ile hupungua nusu kila dakika 110, haiwezi kutunzwa kwenye friji ikingoja foleni ya magari. Ubongo na kibofu vitawaka vyote, pengine na moyo, hiyo ni kawaida yao, msiitazame picha mkapiga yowe.

Jioni ile wajukuu wadogo na mjamzito wasimkumbatie kwa saa chache. Anywe maji mengi, akojoe. Kesho yake abebe anayemtaka.

*

Mama, nina saratani ya tezi dume. Nilipangiwa kipimo cha mifupa Jumatano. Nimefika alfajiri, naambiwa dawa haijaja, nirudi wiki ijayo. Wananizungusha?

Mzee wa Mbagala

*

Hawakuzungushi, kaka yangu. Inawezekana ni ndege. Dawa hiyo, teknisiamu, hukamuliwa kutoka kwenye kichupa kilichozungushiwa madini ya risasi kinachoagizwa nje ya nchi. Madini yaliyo ndani ya kichupa hupungua nusu kila saa 66, na teknisiamu yenyewe kila saa 6, hivyo hakuna kuweka akiba stoo kama panadoli. Ndege ikikwama, benchi zima linarudi nyumbani. Walichokosea ni kutokukupigia simu. Safari ijayo wapigie wewe, jana yake mchana.

Siku ya kipimo utachomwa, utaachwa kwa muda wa saa tatu hivi dawa iingie mifupani, unakunywa maji na kukojoa, kisha unalala chini ya mashine nusu saa bila kutikisika. Waambie kila mfupa uliowahi kuumia, hata ule ubavu uliovunjika ulipoanguka kwenye mkorosho ukiwa mtoto, na goti linalokuuma asubuhi. Baridi yabisi na mivunjiko huwaka vilevile, na asiyejua habari ya mkorosho ataandika jambo jingine.

Na uende na shuka. Kiyoyozi cha chumba kile kimewekwa kwa ajili ya mashine.